Mtafiti Anapobisha Hodi: Ukaguzi wa Maadili katika Utafiti wa Afya Moja

Katika mitaa ya pembezoni ya Dar es Salaam, iwe Bunju, Tegeta na Mabwepande kwa upande wa Kinondoni, au Mbagala, Chamazi na Toangoma kwa upande wa Temeke, si ajabu kukuta ua mmoja wenye banda la kuku wa mayai, ng'ombe wawili wa maziwa, kisima kifupi na tuta la mchicha linalomwagiliwa kwa maji ya mtaro. Watoto huchezea humo humo. Masika yanapofika, na wapo majirani wasioona haya kutapisha vyoo mvua ikinyesha, kilichokuwa chooni hufika kisimani, kilichokuwa bandani hufika bustanini, na cha bustanini hufika sokoni.

Nyumba za namna hiyo ndizo zinazowavuta watafiti wa kile kinachoitwa Afya Moja, yaani utafiti unaochunguza kwa pamoja afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira. Huja wawili au watatu, wamebeba boksi la barafu, glavu, vijiti vya pamba na fomu. Huomba kinyesi cha mtoto, damu ya ng'ombe, kinyesi cha kuku, maji ya kisima na udongo wa bustani, vyote kwa siku moja. Mwenye nyumba hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza: watu hawa wameruhusiwa na nani, majibu yatakwenda wapi, na je, kuku wakionekana wana tatizo, nitaweza kuuza mayai kesho?

Makala haya yanajibu maswali hayo. Tumeyaandika kwa ajili ya mlaji na mfugaji mdogo, ambao mara nyingi ni mtu mmoja.

Kwa nini wanakuja

Haja ya utafiti huu si ya kubuni. Inakadiriwa kwamba takribani asilimia 60 ya magonjwa ya kuambukiza yanayojulikana kwa binadamu yana asili ya wanyama. Nchi yetu imeyaona kwa macho. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 100, na mifugo mingi ikatupa mimba na kufa. Mwezi Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa na kutoka damu puani; wagonjwa 20 walitambuliwa na 3 walifariki kabla ya maabara kubaini kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaosambazwa na mkojo wa panya na wanyama wengine unaoingia katika maji na udongo. Mwezi Machi 2023 virusi vya Marburg, ambavyo makazi yake ya asili ni popo, vilithibitishwa mkoani Kagera. Dar es Salaam yenyewe ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na Kinondoni ikaathirika zaidi.

Katika matukio hayo yote, daktari wa binadamu peke yake asingeweza kupata jibu kamili. Ndiyo maana Serikali iliweka uratibu wa Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ili wizara za afya, mifugo, maliasili na mazingira zikae meza moja.

Lipo pia tatizo lisilotangazwa kwa king'ora: usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao kwa kifupi huitwa UVIDA. Mfugaji anayempa kuku antibayotiki kila wiki kama kinga, au kuuza mayai kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa hazijaisha, anachangia kuzalisha bakteria wasiosikia dawa. Mzazi anayemnunulia mtoto nusu dozi dukani anafanya vivyo hivyo. Duniani, vifo takribani milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Ili kujua kama usugu unatoka bandani kwenda jikoni au unatoka jikoni kwenda bandani, hakuna njia isipokuwa kupima pande zote mbili. Jijini Nairobi watafiti walifanya hivyo katika kaya 99: walichukua sampuli kwa watu, kwa mifugo na kwa wanyama pori wanaoishi kando ya nyumba, kisha wakalinganisha bakteria mmoja mmoja.

Kwa hiyo hatumshauri msomaji afunge mlango. Tunamshauri afungue akiwa na maswali.

Ukaguzi wa maadili ni nini

Utafiti wowote unaomhusu binadamu lazima upitiwe na kamati ya maadili kabla haujaanza. Kamati hiyo haina kazi ya kuusifu utafiti. Kazi yake ni kuuliza kama faida inayotarajiwa inalingana na usumbufu na hatari, kama watu watashirikishwa kwa hiari, kama siri zao zitalindwa, na kama mzigo hautabebeshwa maskini huku matunda yakivunwa na wengine.

Desturi hii ilizaliwa kutokana na maovu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili walishtakiwa huko Nuremberg, na hukumu ya mwaka 1947 ikaweka kanuni kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni sharti lisilokwepeka. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kikatoa Azimio la Helsinki. Hata baada ya hapo, huko Tuskegee nchini Marekani, wanaume Weusi waliokuwa na kaswende waliendelea kufuatiliwa bila kupewa tiba hadi mwaka 1972, miaka 40 tangu utafiti ule uanze, ilhali penisilini ilikuwa ikipatikana kwa muda mrefu. Kwetu hapa, wazee wa jiji bado wanakumbuka hadithi za mumiani, watu waliodaiwa kunyonya damu za wenzao ili iuzwe. Enzi za ukoloni hata askari wa zimamoto walihusishwa na uvumi huo. Si vyema kuzicheka hadithi hizo. Zilikuwa namna ya watu kusema kwamba damu yao inachukuliwa na hawaelezwi inakokwenda.

Leo Tanzania Bara, utafiti wa afya ya binadamu husimamiwa kimaadili na Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya, iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Vyuo na taasisi kadhaa, kwa mfano Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Taasisi ya Afya Ifakara, vina kamati zao za ndani. Mtafiti kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Zanzibar ina kamati yake.

Kwa upande wa wanyama mambo yamegawanyika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inagusa pia wanyama wanaotumika katika utafiti, na wanasayansi hufuata kanuni tatu zilizopendekezwa mwaka 1959 na Waingereza wawili, Russell na Burch: mnyama asitumike pale ambapo njia nyingine ipo, idadi ya wanyama iwe ndogo kadiri inavyowezekana, na maumivu yapunguzwe. Wanyamapori, wakiwamo popo wanaolala darini kwako, wako katika eneo la Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI. Na mazingira? Kisima, mtaro na Mto Kizinga havina fomu ya ridhaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda maji na ardhi dhidi ya uchafuzi, lakini haisemi nani aombwe ruhusa mtafiti anapochota chupa moja ya maji ya mtaroni.

Hapa ndipo penye ufa

Tuseme wazi kile tunachokiona kuwa udhaifu. Kamati ya binadamu humtazama mtu, ikauliza: je, sindano itamuumiza? Kamati ya wanyama humtazama kuku, ikauliza: je, atashikwa vibaya? Kila moja huweza kutoa kibali kwa nia njema, na bado hatari kubwa kuliko zote ikapita katikati yao bila kuonwa. Hatari hiyo ni kwamba kuku wale ndio ada ya shule, ndio kodi ya nyumba, ndio mtaji wa mama aliyeanza na vifaranga hamsini. Sindano ya kuku haina madhara. Jibu la maabara ndilo linaloweza kuvunja nyumba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watafiti wanapita katika mtaa mmoja wa Mbagala, wanapima mayai na kinyesi cha kuku, na wanakuta mabaki ya dawa pamoja na bakteria sugu. Ripoti inatoka ikiutaja mtaa kwa jina. Hakuna mfugaji aliyetajwa, usiri umelindwa kwa mujibu wa fomu, lakini kuanzia wiki hiyo mwenye trei za mayai kutoka mtaa huo anaulizwa sokoni anakotoka, na akisema ukweli anarudi nazo. Wamo aliyetumia dawa vibaya na asiyetumia kabisa. Wakulima wa mboga wa bonde la Mto Msimbazi wanaujua uchungu huu, kwa kuwa kila inapozungumzwa habari ya madini mazito katika mto ule, mchicha wote wa bondeni huhukumiwa kwa pamoja.

Upande wa pili yupo mlaji, ambaye naye ni wetu. Yeye anauliza kwa nini afichwe jina la mtaa ambao mayai yake yana dawa. Hatuwezi kumwambia kuwa swali lake halina uzito. Anayelisha mtoto yai kila asubuhi ana haki ya kujua kilichomo.

Msimamo wetu ni huu. Jina la mtaa halimsaidii mlaji kwa kiasi kinacholingana na madhara yake kwa mfugaji, kwa sababu mayai yanayouzwa dukani hayaandikwi mtaa, na tatizo likiwa Mbagala yaelekea liko Tegeta pia. Kinachomsaidia ni matokeo kufika haraka kwa mamlaka zinazoweza kuchukua hatua: ofisi ya mifugo ya manispaa, Shirika la Viwango Tanzania kwa usalama wa chakula, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa dawa zenyewe. Kisima cha pamoja ni jambo tofauti. Kikikutwa na vimelea vya kinyesi, wanaochota hapo lazima waambiwe mara moja, kwa jina la kisima, hata kabla utafiti haujachapishwa. Kusubiri jarida la kisayansi huku watoto wakinywa maji yale si usiri, ni uzembe. Swali la nani ataambiwa nini, na lini, linapaswa kuwa limejibiwa ndani ya andiko la utafiti kabla kamati haijaweka saini. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza jibu lake ni lipi.

Usiri pia una mpaka wa kisheria, na mtafiti mwaminifu atakueleza kabla ya kuchukua sampuli. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka magonjwa fulani yatolewe taarifa, yakiwamo kimeta, kichaa cha mbwa na Homa ya Bonde la Ufa. Yakionekana kwa mnyama wako hayawezi kubaki siri kati yako na mtafiti, na mamlaka inaweza kuzuia mifugo isitoke au kuamuru iuawe. Uliza mapema: ikitokea hivyo, utafiti huu umepanga nini kwa mfugaji? Kama jibu ni kimya, nalo ni jibu.

Mlangoni pako

Mtafiti akifika, kwa kawaida atakuja na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ni utaratibu mzuri, lakini usiuchanganye na ukaguzi wa maadili. Barua ya utambulisho kutoka manispaa au ofisi ya mtaa inasema kwamba mgeni huyu anajulikana. Haisemi kwamba utafiti wake umekaguliwa. Wala mwenyekiti hana mamlaka ya kukuridhia. Akisema "mtaa umekubali", bado wewe hujakubali.

Omba kuona kibali cha maadili. Kile cha NIMR kwa desturi huwa na namba ya rejea inayoanza na herufi NIMR/HQ/R.8a, jina la utafiti, jina la mtafiti mkuu na maeneo yanakofanyika. Angalia tarehe, maana kibali hutolewa kwa mwaka mmoja na huhitaji kuhuishwa. Angalia pia kama utafiti ulioandikwa unafanana na unachoombwa: kibali cha kuhoji watu hakimpi mtu ruhusa ya kutoa damu ya ng'ombe. Anayechoma mnyama sindano awe mtaalamu anayetambuliwa na Baraza la Veterinari.

Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili unachokielewa. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi anayemwamini yeye, si aliyeletwa na mtafiti, kisha aweke dole gumba. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa, na akikataa aachwe. Mifugo ina utata wake. Mara nyingi anayekutwa nyumbani ni kijana wa kazi au mke, na ng'ombe ni wa shemeji anayeishi Kariakoo. Mwenye mali asipokuwepo, sampuli isichukuliwe hadi apigiwe simu. Tunaona pia kwamba anayewalisha na kuwakamua wanyama kila siku hana budi kuulizwa hata kama si mali yake, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuambukizwa.

Lielewe vizuri neno moja: kupimwa si kutibiwa. Aliyechukua damu ya ng'ombe hajamchanja, na aliyechukua kinyesi cha mtoto hajampa dawa ya minyoo. Watu wengi huridhia wakiamini wamepata huduma, na wengine huacha kwenda zahanati wakisubiri majibu ambayo hayakuahidiwa. Uliza kama utapewa majibu yako, kwa njia gani, na iwapo mtoto akikutwa na ugonjwa nani atakuelekeza kwenye tiba.

Fidia ya muda na nauli inaruhusiwa, na kiasi chake hukaguliwa na kamati. Ikiwa ni kubwa kiasi cha kukufanya ukubali jambo ambalo usingelikubali, hapo kuna walakini. Trei iliyotumika na lita ya maziwa iliyochukuliwa vilipwe kwa bei ya soko. Hilo si zawadi.

Kuhusu sampuli yenyewe, uliza itahifadhiwa kwa muda gani na kama itasafirishwa nje ya nchi. Kusafirisha sampuli za binadamu huhitaji mkataba maalumu wa kuhamisha sampuli, nao hupitiwa na NIMR. Taarifa zako za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jihadhari na jambo ambalo wengi hawalioni: simu ya mtafiti inarekodi mahali nyumba yako ilipo kwa kipimo cha mita chache. Jina likifutwa lakini alama ya ramani ikabaki, wewe bado unajulikana. Omba ielezwe jinsi alama hiyo itakavyofichwa ramani ikichapishwa.

Unaweza kukataa bila kutoa sababu. Unaweza kukubali kupimwa wewe na kukataa kuku wako wasipimwe, au kinyume chake, ingawa utafiti mwingine hautaweza kuendelea nawe kwa nusu. Unaweza pia kujitoa baadaye na kutaka sampuli yako iharibiwe, isipokuwa pale ambapo imeshapimwa na kuchanganywa na nyingine bila jina. Kukataa hakuondoi haki yako ya kutibiwa zahanati wala ya kuhudumiwa na afisa mifugo wa kata. Atakayekutisha kwa hilo amevunja maadili, na ndilo kosa la kwanza tunalokuomba ulitolee taarifa.

Nakala moja ya fomu ibaki kwako. Ndani yake lazima kuwe na namba mbili za simu: ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Malalamiko yapelekwe kwa kamati, kwa kuwa mlalamikiwa hawezi kuwa hakimu wa shauri lake mwenyewe. Kamati ina uwezo wa kusimamisha utafiti. Kama ni suala la matumizi ya taarifa zako, lipo pia lango la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ikiwa namba ya pili haimo kwenye fomu, usitie saini siku hiyo. Mwambie mgeni arudi akiwa nayo.